Umeme ukikatika: kisa cha seremala wa Bukavu na hamu ya kanyanga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ninakiandika kama muuguzi wa kituo cha afya ambaye siku mbili kwa juma anashughulika na afya ya akili, na siku zilizobaki anachanja watoto na kupima malaria kama wenzake. Mgonjwa nitamwita Fundi. Umri wake, kartie (mtaa) yake na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha. Yeye na mke wake walisomewa maandishi haya kabla hayajatoka. Walikubali yote isipokuwa sentensi moja, nami nimeifuta.

Fundi kabla hatujamjua

Ni seremala wa milango na vitanda, ana miaka thelathini na kitu, baba wa watoto watatu. Atelye yake, yaani karakana, imeshikilia kwenye mojawapo ya ile miteremko yetu ambayo mvua ikinyesha mtu anashuka kwa makalio. Mafundi watatu wanatumia mashine moja ya kurandia mbao. Ngazi kumi na mbili chini ya atelye (nilizihesabu mwenyewe) kuna nyumba ya mama mmoja anayeuza kanyanga, pombe kali ya kienyeji, kwa kikombe.

Alianza na kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye harusi na matanga, kama kila mtu. Kanyanga ilikuja baadaye, kwanza jioni, halafu mchana, na hatimaye kabla hakujapambazuka. Aliponieleza asubuhi zake nilielewa mambo kuliko dodoso lolote lingenieleza. Alikuwa hawezi kuchora mstari ulionyooka. Anaweka rula juu ya ubao, anashika penseli, mstari unatoka umejikunja kama nyoka. Akipiga kikombe kimoja mkono unatulia, mstari unanyooka. Machoni pake, basi, kanyanga ilikuwa chombo cha kazi kama msumeno, na mtu anayemwambia aache pombe alikuwa kama anamwambia auze vyombo vyake.

Vyombo vyenyewe aliviuza pia. Vibano vinne vilikwenda, kisha randa ya marehemu baba yake. Mke wake, ambaye anauza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni, alirudi kwao mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu pesa za MUSO, kikundi chao cha akiba, alizokuwa ameficha ndani ya mfuko wa unga hazikuonekana.

Dodoso tulilifanya baadaye, lile la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT. Alipata alama 27 kati ya 40. Kuanzia 20 tunaanza kufikiria uraibu.

Nadhiri, mfungo na usiku wa pili

Mwanzoni mwa 2023 Fundi aliweka nadhiri kwenye chumba cha sala. Mbele ya watu wote alisema hatagusa pombe tena, na akaingia mfungo wa siku tatu bila chakula. Nia ilikuwa njema, na watu waliokuwa naye walimpenda. Ila hakuna aliyejua kwamba mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka mingi haukatwi ghafla namna hiyo.

Siku ya kwanza alitetemeka na kutoka jasho. Usiku wa pili akaanguka, akapigwa na degedege. Wakamshika, wakamwombea, wakaona ni pepo anatoka. Siku ya tatu aliona maranda ya mbao yakitembea ukutani kama siafu, akawa anayafagia kwa mikono mitupu katika chumba ambacho hakikuwa na hata chembe ya maranda. Mke wake hakungoja ruhusa ya mtu. Alimfunga kitenge kiunoni, akampandisha pikipiki akiwa amebanwa kati yake na motari, akamleta kwetu.

Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Huko alipewa tiamini, yaani vitamini B1, kabla ya dripu ya sukari, na diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa dozi iliyopunguzwa polepole. Alitoka siku ya nane.

Nasimama hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapofia. Anayekunywa kila siku na kuamka akitetemeka asiache peke yake. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Degedege, kama itakuja, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za kwanza. Kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo huja kati ya siku ya pili na ya nne, na bila matibabu kunaweza kuua. Kufunga chakula juu yake ni kuongeza petroli motoni. Kiongozi wa chumba cha sala alipoelezwa haya alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni wangapi wengine aliwafungisha hivyo. Tangu siku ile anatuletea watu kwanza, halafu ndipo anaomba nao.

Somo la ubongo juu ya benchi

Juma la pili nilikwenda atelye. Nilikaa kwenye benchi, mke wake akaegemea mlango ambao haujapakwa verni, nikajaribu kueleza.

Ubongo una breki na una mafuta. Pombe inakandamiza breki, kwa hiyo mtu analegea. Ikija kila siku, ubongo unajirekebisha: unaipunguza breki yake wenyewe na kuongeza mafuta, ili mtu aweze kusimama na kufanya kazi akiwa amekunywa. Siku pombe inapoondolewa ghafla, breki ni dhaifu na mafuta yamefunguliwa hadi mwisho. Pikipiki kwenye mteremko wa Kadutu, breki zimekatika: ndiyo degedege ile. Hilo Fundi alilielewa haraka.

Hamu ilikuwa ngumu zaidi kueleza, kwa sababu degedege ilikwisha ndani ya juma moja lakini hamu ilibaki. Nilimsimulia kazi ya Wolfram Schultz na wenzake, waliopima seli za ubongo wa kima huko Uswisi. Mwanzoni seli za dopamini (kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupeana ujumbe) za kima zilichangamka alipopewa maji ya matunda. Baada ya mazoea zilianza kuchangamka mapema, pale taa ya ishara ilipowaka, na maji yenyewe yalipokuja zikakaa kimya. Ishara ikitokea na maji yasije, mchangamko wao ulishuka chini ya kawaida. Ubongo ulikuwa umejifunza kungojea. Na pombe huingia kwenye njia hiyohiyo kwa nguvu kuliko chakula, kwa hiyo ishara zake zinachongwa ndani sana, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "ngoja kwanza", inachelewa kufika.

Fundi akasema, "Basi docta, siku ile si mimi nilienda kwa yule mama. Miguu ndiyo ilinipeleka."

Mke wake akadakia kutoka mlangoni, "Na huo ubongo ni wa nani? Kama ni wake, aukamate."

Sikuwa na jibu tayari, na hata leo naona swali lake ni zuri kuliko maelezo yangu. Nilimwambia Mama kwamba ni kama presha: hakuna anayeichagua, lakini chumvi hakuna atakayemwondolea mezani ila yeye na watu wa nyumbani mwake. Alikunja uso. Nadhani alikubali nusu.

Tulichoamua na kwa nini

Tuliamua mambo matatu. La kwanza, asirudi atelye kwa majuma matatu. Sababu ni zile ngazi kumi na mbili. Alikwenda kufanya kazi kwa shemeji yake, upande mwingine wa mji.

La pili lilikuwa pesa, na hapo tulibishana. Mke alitaka wateja wamlipe yeye. Fundi alisema mwanaume ambaye mteja anamruka na kumpa mke wake dola si fundi tena, na wateja watakimbia. Mwishowe tukaafikiana kwamba malipo ya awali atayapokea mwenyewe na kununua mbao siku hiyohiyo, na salio atalipokea mbele ya mke au mwanafunzi wake wa kazi. Suala la salio nililiona dogo. Nilikosea.

La tatu lilikuwa dawa. Mwaka ule wa 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya uraibu wa pombe. Hata hivyo, dawa kuwa kwenye orodha ni jambo moja, na kuwa kwenye kabati letu ni jambo lingine. Tuliulizia kwenye famasia za mjini, tukakata tamaa. Ilibidi hamu ikabiliwe kwa mazoezi.

Kuna jambo la nne ambalo hatukuliamua, tuliliacha tu lipite. Jumapili ya pili baada ya kutoka hospitali, familia ilimsimamisha kanisani atoe ushuhuda kwamba amefunguliwa kabisa. Nilikuwepo. Nilipiga makofi na wengine.

Ubao wa alama

Nilimpa daftari la kuandika kila hamu inapokuja: saa, nguvu yake kutoka sifuri hadi kumi, na kilichotokea kabla yake. Daftari halikufanya kazi. Alilipoteza, akapewa lingine, likaliwa na verni. Mwanafunzi wake, kijana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyepiga msumari kipande cha plaiwudi ukutani na kufunga penseli ya useremala kwa uzi. "Fundi, andika hapa. Hapa hapapotei."

Kipimo cha nguvu ya hamu kilikuja pamoja na zoezi. Nilimfundisha njia ambayo Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieneza: hamu ni wimbi, usipigane nalo wala usilikimbie. Kaa, litazame mwilini liko wapi, pumua, liache lipande na lishuke. Mfano wa wimbi haukumkaa. Yeye si mtu wa ziwa, anaogopa hata boti ya kwenda kisiwa cha Idjwi. Akatafuta mfano wake. Akiunganisha miguu ya kiti kwa gundi na kuibana, anangoja kama nusu saa kabla ya kufungua. Alianza kupaka gundi kila hamu ilipoingia: anaunganisha kitu, anabana, anakaa karibu. Akasema hamu nyingi zilikwisha kabla gundi haijashika. Kwake hamu ilikuwa kifuani na kwenye taya, kama mtu anayesikia harufu ya limau. Alijua hivyo kwa sababu alikuwa anangojea gundi na hakuwa na la kufanya ila kujitazama.

Baada ya majuma matano tulisoma ubao pamoja. Mimi nilikuwa nimemuuliza kila mara kuhusu watu: nani alipita, nani alimwita, rafiki yupi. Majina yalikuwa machache. Kulikuwa na alama 17, na kwenye 11 alikuwa ameandika jambo moja kwa namna tofauti: "mashine imenyamaza", "hakuna umeme", "kimya", "delestaji tena".

Tulitazamana. Bukavu umeme unakuja kwa zamu, na wakati mwingine zamu haina adabu. Kwa miaka mingi, mashine ya kurandia ilipokufa katikati ya ubao, mafundi watatu walifuta vumbi, wakatazamana, wakashuka ngazi kumi na mbili kungojea umeme wakiwa na kikombe. Hakuna aliyehitaji kumwita mwenzake. Ule ukimya wa ghafla baada ya kelele ya mashine ndio uliokuwa taa ya kima wa Schultz. Nilikuwa nimemwondoa kwenye ngazi, nimemrudisha kwenye ukimya, nami sikujua.

Baada ya hapo mpango ukawa mwepesi kusema. Kazi ya mikono inawekwa akiba kwa saa za giza: kupiga msasa, kuchonga ndimi za viungo, kuunganisha kwa gundi. Umeme ukikatika, mwanafunzi anawasha redio ndogo ya betri papo hapo, hata kabla Fundi hajageuka, ukimya usipate nafasi. Na kuna kitu cha kula: mandazi mawili kwenye kopo, kwa sababu alama nyingi zilikuwa za saa tisa au kumi jioni, na yeye alikuwa hali kitu tangu chai.

Mwezi wa tano

Kazi kubwa ilikuja: milango sita ya nyumba mpya. Aliimaliza vizuri. Mteja alikuja Jumamosi kulipa salio, dola 180, noti safi. Mke alikuwa sokoni, mwanafunzi alikuwa ametumwa misumari. Mteja alikuwa na haraka, akaweka pesa juu ya benchi, akamsifu, akaondoka. Fundi alikuwa na furaha na hakuwa amekula. Umeme ulikatika. Redio haikuwa na mtu wa kuiwasha.

Alikunywa siku tisa.

Kikombe cha kwanza hakinishangazi tena. Kinachonisumbua ni siku nane zilizofuata. Alipokuja alinieleza kwamba baada ya kikombe kile aliona uso wa kila mtu aliyepiga makofi siku ya ushuhuda. Akajisemea nadhiri imevunjika, imevunjika, kikombe kimoja na ndoo ni dhambi ileile. Akazima simu. Marlatt aliliona hilo kwa wengi: mtu aliyejiapia kutogusa kabisa, akiteleza mara moja, anaona amekwisha, na hisia hiyo ndiyo inayomrudisha kwenye kunywa kwa wingi. Nadhiri ya Fundi haikumzuia kuanguka, na alipokwisha anguka ilimzuia kupiga simu.

Mwanafunzi ndiye aliyekuja kituoni, asubuhi, viatu mkononi kwa sababu ya matope. "Docta, Fundi anapotea. Na msinitaje."

Tulimpata kabla hajajaribu kuacha peke yake, hilo lilikuwa bahati. Safari hii diazepamu alipewa kituoni kwetu chini ya uangalizi wa daktari, mke wake akilala kwenye mkeka kando ya kitanda. Hakumsuta hata mara moja. Siku ya tatu tu alimwuliza, "Baba watoto, siku ile ulikula nini?" Akasema hakula. Mama akanitazama mimi.

Hali ilivyo

Miezi kumi na minne baada ya hospitali Fundi anafanya kazi. Aliteleza mara moja nyingine, kwenye matanga ya mjomba wake, vikombe viwili, na usiku uleule akampigia mke wake simu aje amchukue. Ile randa ya baba yake hakuipata tena. Mstari unanyooka. Hamu bado zipo, chache na fupi zaidi. Mmoja wa mafundi wenzake hasemi naye siku hizi kwa sababu anaona Fundi anajidai.

Tulipopatia, tulipokosea

Lililosaidia kuliko yote ni ubao wa plaiwudi, na halikuwa wazo langu. Maelezo ya ubongo yalisaidia kwa sehemu moja: yaliondoa pepo na uchawi katikati, na mke akaanza kutafuta hamu inaingilia wapi badala ya kutafuta kosa ni la nani. Lakini yana makali mawili. Mwezi wa tatu Fundi alichelewesha kazi ya mteja, akanijibu, "Ni ubongo, docta." Nikacheka, kisha nikaogopa. Tangu hapo sisemi "ugonjwa wa ubongo" bila kuongeza mfano wa chumvi na presha.

Makosa yetu ni mazito zaidi. Tulitafuta hatari kwenye huzuni na marafiki wabaya, na hatukujiandaa kwa siku nzuri. Hakuna mahali kwenye mpango palipoandikwa afanye nini akilipwa vizuri na kusifiwa. Dola 180, njaa, upweke na ukimya vilikutana saa moja, na kila kimoja peke yake alikuwa amekishinda mara nyingi. Mpango wote ulimtegemea kijana mmoja kuwasha redio, na kijana hutumwa misumari. Na ushuhuda ule, nasema wazi, ningeuzuia. Au ningemwomba aseme kwamba anatibiwa, kama anavyosema mwenye kisukari.

Kuhusu kumhamisha atelye kwa majuma matatu, bado najiuliza. Baada ya vita vya Vietnam, Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliokuwa wamenaswa na heroini kule vitani, akakuta kwamba walio wengi hawakuendelea nayo waliporudi makwao. Mazingira yalibadilika, na ishara zikabaki Asia. Fundi hana kwao kwingine pa kurudi. Mashine ileile, mteremko uleule, ndivyo vinavyolisha watoto watatu. Majuma matatu yalimpa mwili nafasi ya kupona, hayakumfundisha ubongo chochote kuhusu ukimya. Ningerudia uamuzi ule, lakini ningeanza ubao siku ya kwanza ya kurudi, nami nikiwa nimekaa pale benchi umeme ukikatika.

Wenzangu wengine waliita siku zile tisa kushindwa kwa matibabu. Mwaka 2000 Thomas McLellan na wenzake waliandika kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa uraibu hurudia kutumia ndani ya mwaka, na wakalinganisha hali hiyo na ya wagonjwa wa presha, kisukari na pumu. Presha ikipanda tena hatumfukuzi mgonjwa kituoni. Tunamwuliza dawa alikunywa vipi.

Ubao wa kwanza ulijaa. Wa pili umepigwa msumari chini yake, na mwezi huu una alama tatu. Ya mwisho ni ya Jumamosi, saa kumi kasorobo, nguvu sita. Pembeni, kwa penseli nene, ameandika: "Njaa. Mandazi yalikwisha."